Magodoro Yote Nje

Wenzangu wa bweni,

Siku ya chai yangu ya kuagwa, Neema, mlezi mpya wa bweni la wasichana, aliuliza swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiulizana chini chini. Kwa nini katika chuo hiki kila asubuhi magodoro yote hutolewa nje na kuanikwa hadi saa nne, hata ya wanachuo wenye ndevu, wakati kwingine godoro hutoka ndani siku linapotupwa? Kabla sijameza andazi, wengine walishanijibia. Mpishi alisema ni amri ya Mzungu mwenye shamba aliyejenga nyumba ya kwanza hapa kilimani. Dereva alisema kuna kitu hulala kwenye magodoro yasiyopigwa jua, akakataa kukitaja. Mhasibu, ambaye hupenda kuonekana amesoma mikataba yote, alisema ni sharti la bima.

Nilimaliza andazi langu. Kati ya watu waliokuwepo utaratibu huo ulipoanza, nilikuwa nimebaki mimi tu katika eneo hili, na sasa nami nimestaafu. Nikinyamaza, bima itashinda. Kwa hiyo nimekaa kuandika.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Nilianza nikiwa msaidizi wa mlezi wa bweni, nikawa mlezi wa bweni, nikastaafu nikiwa mlezi wa bweni. Ngazi ya namna hiyo haichoshi magoti. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, na baadhi ya vijiji nimevisogeza kidogo, kwa sababu waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima, na mmoja wao ni askari.

Kabla ya chuo hiki cha ufundi, hapa palikuwa na shule binafsi ya maandalizi, ya bweni. Watoto waliletwa wakiwa wadogo wa darasa la kwanza au la pili, wakafundishwa kwa Kiingereza mpaka darasa la saba, kisha wakapelekwa kwenye sekondari za mbali ambako wanafunzi huvaa koti hata jua likiwaka. Walitoka Mikumi, Kilosa mjini, Kidodi, Ruhembe kwenye miwa, na wachache Morogoro. Karakana ya useremala mnayoijua ilikuwa darasa la tatu. Stoo ya saruji ilikuwa chumba cha wagonjwa. Bweni la wavulana ni lile lile, na mlango wake ulikataa kufunga tangu enzi hizo, kwa hiyo mwacheni mkandarasi wa juzi apumzike.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa siku ya kufungua shule. Wazazi walipanga foleni na matranka ya bati, nasi tukayafungua moja moja kwenye benchi la saruji lililo nje ya bweni. Niliamini kazi yangu ni kukamata vyakula. Nikavikamata: biskuti ndani ya soksi, ubuyu ndani ya kopo la dawa ya meno, karanga zilizoshonewa ndani ya mto kwa mkono wa mtu mzima. Nilikuwa na furaha ya askari wa barabarani.

Mlezi mkuu wakati huo alikuwa Mama Yohana, mwanamke wa milimani upande wa Berega, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya watoto kabla ya kuja kwetu. Aliniangalia kwa muda, kisha akanisogelea.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Vyakula, mama."

"Vyakula vitajitaja vyenyewe, sisimizi watakuonyesha. Wewe tafuta nailoni."

"Nailoni gani?"

Akaingiza mkono kwenye tranka lililokuwa mbele yetu, chini ya mashuka, chini ya sare, hadi kwenye bati lenyewe, akavuta kona ya kitu kilichokunjwa. Kilikuwa kitambaa cha nailoni chenye maua, cha kutandika mezani.

"Mama wa huyu nimemuuliza, mtoto analala vizuri? Akasema, vizuri kabisa. Sasa mtoto anayelala vizuri kabisa anataka nailoni ya nini?"

"Labda ya kutandika mezani."

"Ana meza huyu?"

Akairudisha chini kabisa, akaweka mashuka juu yake kama alivyoyakuta.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Hujaiona," akasema, akaita tranka linalofuata.

Kuanzia hapo kila kufungua shule nilikuwa nikipapasa sakafu za matranka. Nailoni ilikuja kwa sura nyingi. Kulikuwa na koti la mvua lililochanwa, mfuko wa mbolea uliooshwa ukatakata, na pazia la bafuni lenye samaki. Tranka moja, la mtoto nitakayemwita Brayan, lilikuwa na mpira mzito wa hospitali, uliokatwa kwa vipimo na kupigwa pindo. Na kila mzazi, nilipomuuliza, alijibu vizuri kabisa huku akiangalia upande wa tangi la maji. Kila mmoja aliamini kwamba wake ni peke yake katika wilaya nzima.

Mama Yohana alinifundisha zana za kazi hii, na nyingi bado mnazo: ndoo yenye mfuniko, sabuni ya mche, tochi isiyomulika machoni, kaptula za akiba za kila kipimo, na sindano ndefu ya magodoro ambayo niliikabidhi kwa Neema. Alinifundisha kuamka kabla ya filimbi na kubadilisha mashuka wakati watoto wengine wamelala. Shuka lililobadilishwa halisemi kitu. Godoro, kwa bahati mbaya, linasema.

Na hapa ndipo anapoingia Mwalimu Lukali, mwenye shule na mkuu wa shule kwa pamoja. Nataka nimtendee haki. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye tai kila siku hadi Jumamosi, aliyefundisha hesabu kwa punje za mahindi na hakuwahi kumpiga mtoto fimbo. Badala ya fimbo alikuwa na utaratibu. Mtoto aliyelowesha godoro alilibeba mwenyewe kichwani, kutoka bwenini hadi kwenye waya, akipita mbele ya shule nzima ikiwa imesimama mstarini. "Hili linafundisha," alisema. Lilifundisha kweli: watoto walijifunza kutunga wimbo. Sitauandika, kwa sababu nawajua, mtauimba.

Tena kulikuwa na nyongeza. Aliyekuwa bado anabeba godoro muhula ulipofika mwisho, mzazi wake aliambiwa mtoto hajafikia umri wa bweni, na muhula uliofuata hatukumwona.

Mama Yohana alijaribu kumshawishi mara nyingi, akashindwa. Magoti yake yalipomlazimisha kurudi kwao milimani, alinipa sindano na kusema, "Mashuka utayawahi. Godoro hutaliwahi. Hilo limenishinda. Ujaribu wewe."

Muhula uliofuata aliletwa Idi.

Alikuja kwa bodaboda kutoka Zombo, kabanwa katikati ya dereva na bibi yake, tranka limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa anaingia darasa la tatu, mdogo kuliko tranka lake. Bibi yake, Bi Tausi, alikuwa mkulima wa mpunga, mwembamba, mwenye ulimi ambao dereva wa bodaboda alikuwa ameshauonja njiani, maana aliondoka bila kuaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa vitanda?"

"Ndiye mimi. Mjukuu analala vizuri?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka lami pale Mikumi.

"Analala sana," akasema.

"Sana kiasi gani?"

"Sana kiasi kwamba kinachotokea huku hana habari nacho." Akanishika mkono. "Nailoni iko chini kabisa. Mjomba wake asijue. Yeye yuko Dar, ndiye anayemsomesha, na amesema hapa na hapa tu. Akirudishwa huyu, basi, hampeleki popote tena, abaki na mimi kufukuza ndege mpungani. Na huyu, mwanangu, kwangu anasoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea."

Katika miaka yangu yote ya kazi, huyo ndiye mzazi pekee aliyejibu swali langu.

Wiki ile ile Idi akabeba godoro. Kwa kuwa alikuwa mfupi, godoro lilimkunjika kichwani pande zote, tukawa tunaona godoro lenye miguu. Halikuona njia. Lilipita mbele ya mstari, likaenda likagonga mlingoti wa bendera, likaomba radhi kwa Kiingereza, kama sheria ya shule ilivyotaka. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wakaimba.

Baada ya hapo Idi aliamua kutolala. Aliketi kitandani akijifinya, akasinzia darasani, na jioni akalala kwa uzito zaidi, na asubuhi mambo yakawa yale yale. Nilimwamsha, nilimpunguzia chai, nilifanya kila alichonifundisha Mama Yohana. Mwili wa mtoto una ratiba yake na haukusoma ratiba yetu. Siku moja Mwalimu Lukali alinisimamisha karibu na jiko. "Matroni, huyu wa Zombo naona muhula ujao hatatufaa."

Nilikuwa na muda uliobaki wa muhula, basi.

Kikao cha wafanyakazi kilikuwa Jumatatu baada ya chai. Siku ile tulijadili kwa kirefu kupotea kwa vijiko. Ilipofika zamu ya bweni nikasimama.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya kuanika magodoro yote, kila asubuhi."

"Yote? Kwa nini yote? Yanayohusika si yanaanikwa?"

"Kwa ajili ya usafi tu, Mwalimu."

Na hapo nikajikuna shingo.

Nataka kuwa sahihi katika jambo hili, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Sikutamka neno kunguni. Sikulitamka siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilijikuna, polepole, chini ya sikio, kisha nikaendelea kusimama kwa heshima.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sote tulilijua. Mwalimu Lukali, alipokuwa kijana chuoni, aliwahi kulala kwenye gesti moja ya hovyo, akaliwa na kunguni usiku kucha, na hadithi hiyo aliisimulia kila mgeni alipokuja, akisimama ili aonyeshe ni mgongo upi. Sasa alikuwa anautazama mkono wangu. Mwalimu wa michezo, aliyeketi karibu nami, akajikuna kiwiko. Sekretari akaingiza kalamu kwenye nywele zake, akachokoa. Muda si mrefu meza nzima ilikuwa inajikuna, na mwalimu wa sayansi alikuwa anatumia mikono yote miwili.

Mwalimu Lukali akarudisha kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Matroni, kuna jambo hutaki kulitaja?"

"Nisingependa kulitaja, Mwalimu."

"Usilitaje!" akasema. "Magodoro yote nje. Kuanzia kesho."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao mhasibu anadhani ni wa bima.

Niliupanga vizuri, na sehemu kubwa bado mnaifuata bila kujua sababu zake. Godoro hubebwa na watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wala halibebwi kichwani, kwa sababu la kichwani lilishakuwa na maana yake. Hupangwa kwenye waya kwa ukubwa, si kwa vitanda. Na kabla ya kutoka, kila godoro hufutwa katikati kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ya kutosha. Neema aliwahi kuniuliza kwa nini tunafuta katikati tu na kuacha pembeni. Sasa, Neema, fikiri. Magodoro yote yalitoka yamelowa katikati. Ungetaka kujua ni lipi lililolowa kwa sabuni na lipi kwa sababu nyingine, ungelazimika kulinusa, na hakuna mtoto mwenye akili timamu anayenusa godoro la mwenzake mbele ya watu.

Wimbo ulikufa ndani ya siku chache. Ukiuimba, unajiimba mwenyewe.

Shida zilikuwepo. Miwa ilipochomwa Ruhembe na upepo ukaelekea kwetu, majivu meusi yalishuka juu ya sponji kama mvua, tukawa tunayapiga magodoro kwa fito kabla ya kuyarudisha. Halafu nyani. Nyani wa Mikumi wameona mengi, malori, watalii, ndizi za kutupiwa, lakini walikuwa hawajaona safu ya magodoro yenye joto la jua. Siku ya tatu dume moja kubwa lilichagua godoro la kiranja mkuu, likalala chali, likaweka mkono nyuma ya kichwa. Kiranja akaliendea na fagio, akalifokea kwa Kiingereza safi. Dume halikufumbua hata jicho. Tukaweka zamu ya kulinda, ambayo watoto waliigombania kwa sababu ilikuwa wakati wa hesabu.

Mwalimu Lukali alinunua unga wa dawa, akaumwaga kwenye pembe za vitanda, na alipopita bwenini alipita katikati kabisa, suruali kaikunja, asiguse kitu. Magodoro ya nyumbani kwake hayakuanikwa. Kunguni, kwa maelezo yake, walikuwa ni wa upande wa wanafunzi.

Kisha ikaja likizo fupi ya katikati ya muhula, na watoto wakaenda makwao. Hilo nilikuwa sijalipigia hesabu. Walisimulia kwa majivuno. Mmoja alimwambia baba yake kwamba shule yetu ina kunguni wengi kuliko shule yoyote mkoani. Mwingine alisema wao wa bweni la pili wamewapa majina. Wazazi wakadai kikao, na kikao kikaitishwa siku ya kurudi.

Walikaa kwenye madawati ya darasa la saba, magoti yamefika kidevuni. Bi Tausi alikuwa safu ya tatu, na pembeni yake alikaa mjomba wake Idi, amefika kutoka Dar na viatu vinavyong'aa. Aliyesimama wa kwanza alikuwa mama yake Brayan, mwenye hoteli ya chakula pale barabara kuu, mwanamke ambaye sauti yake huita wateja kutoka ndani ya mabasi yaliyofunga vioo.

"Mwalimu Mkuu, mimi nauza chakula. Mteja akiona mdudu mmoja kwenye wali, sahani nzima inarudi jikoni. Sasa ninyi wadudu mnao wangapi?"

"Mama, tunadhibiti hali."

"Mnadhibiti nini? Tuyaone! Magodoro yaletwe hapa mbele, moja moja, kila moja na jina lake, tuyafunue wenyewe. Litakalokutwa na kitu lichomwe, na mtoto wake arudi kwao akasafishwe!"

Walimpigia makofi. Mwalimu Lukali alikuwa amechoka na unga wa dawa na suruali za kukunja, na nadhani aliona mwisho wa mateso yake. "Sawa," akasema. "Matroni, yaletwe."

Lazima niwaeleze godoro la sponji likoje. Jua hulikausha, sabuni huliondolea harufu, lakini alama haziondoki. Hubaki ramani, moja juu ya nyingine, zenye kingo za rangi ya chai. Na kila godoro lilikuwa na jina la mtoto kwa wino kwenye kona, jina nililoliandika mimi mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Mjomba angesoma jina, angesoma ramani, na Idi angelala Zombo siku ile ile. Bi Tausi hakuniangalia. Alikuwa ameishika kanga yake kwa mikono miwili, anaangalia ubao.

Nikasimama.

"Mwalimu, yataletwa. Ila ni mengi, na wazazi wana safari. Tupunguze kazi. Naomba mzazi ambaye ana hakika yeye mwenyewe kwamba godoro la mwanawe halina haja yoyote ya kutolewa nje, anyooshe mkono. La kwake tutaliacha kitandani, na kuanzia kesho halitaanikwa tena."

"Ni sawa kabisa," alisema Mwalimu Lukali, akachukua chaki ili aandike majina.

Tukasubiri.

Mama yake Brayan alikuwa na mkono juu tayari, alikuwa akifukuza nzi. Aliuteremsha kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha sufuria ya mchuzi, akauweka mapajani na kuufunika kwa ule mwingine. Baba mmoja alipata ujumbe kwenye simu iliyokuwa imezimwa. Wengine walitazama dari. Mwenye koti la mvua lililochanwa alikuwa anatazama tangi la maji kupitia dirishani, na mwenye pazia la samaki alikuwa anamtazama yeye. Chaki ilikuwa bado imegusa ubao na haijaandika kitu.

Ndipo mjomba, ambaye hakujua lolote, akainua mkono wake. Bi Tausi akaudaka hewani.

"Shusha," akasema kwa mnong'ono wa mtu aliyezoea kuongea mashambani, ukafika safu zote. "Shusha mkono, baba. Wewe ulianza kulala pakavu ukiwa darasa la tano."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kikohozi hicho kiligeuka kuwa kitu kingine, kikamshika wa pembeni, na kwa muda hapakuwa na kikao. Mjomba alikuwa akivitazama viatu vyake vinavyong'aa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika pia.

Mama yake Brayan ndiye aliyetuliza darasa. "Jua," akasema, akajifuta macho kwa upande wa kitenge. "Jua lenyewe ni zuri. Mimi na jua hatuna ugomvi."

"Hata la kwangu lianikwe," akasema baba mwenye simu iliyozimwa.

"Yote yaanikwe," akasema mwingine. "Tusibaguane."

Mwalimu Lukali akageuka, chaki mkononi. "Samahani, wazazi. Kwa hiyo kunguni wapo, au hawapo?"

"Mwalimu," alisema mama yake Brayan kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake kabla wala baadaye, "tuendelee na ajenda ya mchele."

Jioni ile Mwalimu Lukali alinikuta kwenye waya nikikusanya fito.

"Hata mmoja hakunyoosha mkono."

"Hata mmoja, Mwalimu."

"Ina maana wote wale…"

"Mimi sijamtaja mtu."

Akavuta tai yake, akailegeza. "Nami nimekuwa nikiwapitisha mbele ya wenzao." Akanigeukia. "Na kunguni?"

"Sikuwahi kusema kuna kunguni, Mwalimu."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, kikao hadi kikao, mpaka akafika kwenye ile Jumatatu ya vijiko.

"Ulijikuna."

"Shingo iliwasha."

Akaondoka kuelekea nyumbani kwake, nami nilikwenda kulala nikijiuliza nitafunga mizigo saa ngapi.

Asubuhi, shule ikiwa mstarini na magodoro yote yakiwa kwenye waya, mlango wa nyumba ya mkuu wa shule ukafunguliwa. Lilitoka godoro. Lilikuwa la futi sita kwa sita, la kitambaa cha maua, limekunjika pande zote mbili, na chini yake kulikuwa na suruali iliyopigwa pasi. Alilibeba kichwani, mwenyewe. Alipita mbele ya mstari mzima kwa mwendo ule ule wa polepole ambao alikuwa akiwalazimisha watoto, tai ikining'inia nje ya maua. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeimba. Niliona mdomo wa Idi umebaki wazi.

Akaliweka mwisho wa safu, akapangusa mikono, akaja mbele.

"Magodoro yote," akasema, "maana yake yote." Kisha akaanza matangazo kuhusu vijiko.

Kabla ya saa nne lile dume kubwa la nyani lilikuwa limeshahama kutoka kwa kiranja mkuu.

Habari ya umri wa bweni haikutajwa tena, na hakuna mtoto mwingine aliyerudishwa kwa sababu hiyo. Idi alikaa. Siku aliyoanza kulala pakavu haikujulikana kwa mtu, hata kwake yeye, kwa sababu godoro lake liliendelea kutoka limelowa katikati kama ya wenzake. Nilijua mimi, na nikaendelea kulifuta kwa sabuni.

Alipofika darasa la saba alikuwa mrefu kuliko mimi, na alikuwa kiranja wa bweni. Siku ya kufungua shule mwaka ule nilikuwa kwenye benchi, mkono wangu uko ndani ya tranka la mgeni mdogo wa darasa la pili, na vidole vyangu vilikuwa vimeshafika chini kabisa na kugusa kilichokuwepo. Mgeni mwenyewe alikuwa anaitazama ile safu ndefu kwenye waya kwa macho ya mtu aliyeona mahali atakapofia.

"Kaka, yale ni ya nani?" akamuuliza Idi.

"Ya kila mtu. Hapa tunaanika wote, kila siku."

"Kwa nini?"

Idi akatupa jicho kulia na kushoto, kama bibi yake. Akainama karibu na sikio la mtoto. Nilikaa tayari kusikia atakachosema, lakini hakusema chochote. Alijikuna shingo, polepole, chini ya sikio.

Yule mdogo akajikuna na yeye, akavuta pumzi, akasema, "Aa." Akaenda kuangalia nyani.

Idi akageuka na kunikuta namtazama. "Shikamoo, Matroni," akasema, bila hata kutabasamu.

Shule iliisha miaka mingi baadaye, kwa sababu za kawaida. Shule zenye mabasi ya njano zilifunguliwa karibu na majumba ya wazazi, watoto wakapungua, Mwalimu Lukali akazeeka. Chuo kiliponunua majengo, kilinichukua pamoja na vitanda. Mkuu wa kwanza wa chuo aliniuliza katika kikao cha kwanza kabisa kama ni lazima magodoro yote yatoke. Mnaweza kukisia nilifanya nini.

Kwa hiyo, Neema, hilo ndilo jibu la swali lako. Usidhani wenye ndevu wamevuka. Wengine ndiyo kwanza wamelala mbali na kwao, na woga una njia zake za kutoka. Mwezi ujao utakagua mabegi ya wapya. Watakuambia wanalala vizuri kabisa. Usihangaike na vyakula. Peleka mkono chini, na ukigusa kona ya kitu kinachoteleza, umeiona. Kisha rudisha nguo kama ulivyozikuta, na hujaiona.

Na mkuu mpya wa chuo akiuliza kwa nini magodoro yote, usimdanganye. Jikune.